Mazungumzo ya Nyumbani: Msiba wa Mimba Iliyotoka

Mwezi huu tumeliweka kando jambo la haki za majirani tulilokuwa tukilieleza, kwa sababu imetufikia barua isiyofaa kungoja. Imeandikwa na kijana mmoja mwenye ndoa ya miaka minne. Hakupenda jina lake wala mji wake vitajwe, nasi tumemhifadhia siri yake. Asema kwamba mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitano, nayo ni ya pili, kwani ile ya kwanza ilitoka ikiwa changa. Usiku mmoja akashikwa na uchungu, akachukuliwa hospitali, na kabla ya alfajiri mtoto akatoka, naye hana uhai. Asubuhi ile ile wanaume watatu wakamzika, mama hakumwona.

Sasa yapata miezi miwili. Bibi huyu hazungumzi ila kwa lazima, chakula hakimpiti kooni, na kila amalizapo kusali Alfajiri hubaki juu ya msala wake akilia mpaka jua likachomoza. Mara moja tu amemwuliza mumewe: alikuwa mume au mke? Naye mumewe akanyamaza, akidhani kunyamaza ndiko kumhurumia. Juu ya hayo, mama wa huyu kijana amesema mbele ya watu kwamba tumbo lile halikai mtoto, na mwanawe atazame mahali pengine. Basi kijana atuuliza mambo matatu. Je, mkewe apata dhambi kwa kulia kwake? Je, aliyezikwa ahesabiwa kuwa ni mtoto, hata apewe jina? Na yeye amjibu nini mama yake?

Barua nyingi zitufikiazo huwa na salamu kumi na swali moja. Hii ina salamu moja na maswali matatu, nasi twaona kwamba mwandishi wake amekaa nayo siku nyingi kabla ya kuitia katika bahasha.

Kabla ya kumjibu, twapenda kusema neno juu ya lugha yetu. Sisi Waswahili husema: fulani ameharibu mimba. Neno hili limezoewa, hata hakuna alisikiaye tena. Lakini hebu mtu alitazame. Aliyeharibu ni nani? Ni yule aliyelala kitandani usiku kucha akimwomba Mola wake amhifadhie kilichomo tumboni? Mtu huharibu kazi, huharibu mali, huharibu mwana kwa malezi mabaya, na hayo yote ni matendo ya mikono yake. Ama mimba hutoka, na yule iliyemtoka ni mfiwa. Katika vitabu vya fiqhi mtoto huyu huitwa siqti, maana yake aliyeanguka, na katika jina hilo hamna mwenye kulaumiwa. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Raad ametueleza kwamba Yeye ndiye ajuaye kila mwanamke abebacho, na ajuaye matumbo yapunguzacho na yazidishacho, na kila kitu kwake kina kipimo. Basi afaaye kuulizwa juu ya kupungua huko si mke wa mtu.

Ama swali la kwanza, la machozi. Bwana Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na watoto saba, wanaume watatu na wanawake wanne, naye akawazika sita katika uhai wake, aliyebaki nyuma yake ni Bibi Fatma peke yake, naye hakukaa ila miezi michache. Qasim na Abdullahi walikufa wakiwa wadogo. Wa mwisho alikuwa Ibrahim, mwana wa Bibi Maria, aliyefariki katika mwaka wa 10 wa Hijra, hajatimiza miaka miwili. Mtume alimpakata mtoto yule akiwa katika kukata roho, na macho yake yakabubujika machozi. Sahaba wake Abdurrahmani bin Auf akastaajabu, akamwuliza kama hata yeye hulia. Akajibiwa kwamba hiyo ni rehema. Kisha Mtume akaeleza kwamba jicho hutokwa na machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Naye akakiri mbele ya watu kwamba amehuzunika kwa kutengana na Ibrahim. Siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume. Yeye akawakataza, akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Tazama jinsi alivyoyakusanya mawili haya katika msiba mmoja: hakuikataa huzuni, wala hakukubali huzuni ifanywe ushirikina.

Tunajua kwamba wako watakaotujibu kwa kisa cha Ummu Sulaym, mke wa Abu Talha, aliyefiwa na mwanawe mumewe akiwa nje, akamlaza vizuri, akampokea mume kwa chakula na kwa mapambo, na baadaye ndipo akampa khabari kwa upole, akimfananisha mtoto na amana iliyotakwa na mwenyewe. Kisa hiki ni sahihi, nacho ni kitukufu. Lakini katika nyumba zetu kimegeuzwa kuwa fimbo. Kila mwanamke aliapo, huambiwa: Mbona Ummu Sulaym hakulia? Hadithi haikusema kwamba moyo wake haukuumia. Na bibi mmoja aliyefikia daraja kubwa ya subira hafanyi huzuni ya wanawake wengine wote kuwa maasi.

Sisi twapenda wasomaji wakumbuke na kisa cha mwanamke mwingine, ambaye hata jina lake halikutajwa. Alikuwa akilia penye kaburi la mwanawe. Mtume akapita, akamwambia amche Mungu na asubiri. Yule mwanamke, asimjue ni nani, akamjibu kwa ukali kwamba amwondokee, kwani yeye hakupatwa na msiba kama ule. Mtume akaenda zake. Hakumkemea, hakurudi kumfundisha adabu, wala hakutuma mtu wa kumwambia amekosa heshima. Baadaye mwanamke akaambiwa kwamba yule alikuwa Mtume, akaenda mlangoni kwake kuomba udhuru, asikute bawabu yeyote. Naye akamweleza tu kwamba subira ni ile ya pigo la kwanza. Wangapi katika sisi, mwanamke mwenye kufiwa akitujibu kwa ukali, tutakwenda zetu kwa upole namna hiyo?

Basi jawabu ni kwamba machozi ya bibi huyu si dhambi. Kilichoharimishwa ni kupiga mayowe ya kuomboleza, kujipiga mashavu, kurarua nguo na kumnung'unikia Mola kwa maneno ya kumdhania dhulma. Mtu aliaye juu ya msala wake baada ya Alfajiri amepeleka machozi yake mahali pake hasa. Nabii Yakubu alimlilia Yusufu hata macho yake yakawa meupe, naye alisema kwamba masikitiko yake ayashitakia kwa Mwenyezi Mungu, wala hakuvuliwa unabii kwa hayo. Na mama yake Nabii Musa, alipokwisha kumtia mwanawe mtoni, Kurani yatueleza kwamba moyo wake ukawa mtupu, na kwamba alikaribia kuidhihirisha siri yake lau kuwa Mwenyezi Mungu hakuutia nguvu moyo huo. Mtupu! Mwanamke aliyerudi kutoka hospitali na tumbo lililolala, na nguo ndogo zimekunjwa ndani ya sanduku, hahitaji mwalimu wa kumfasiria neno hilo.

Lakini hapa twaongeza jambo. Kulia ni kitu kimoja, na kushindwa kula na kulala kwa miezi miwili ni kitu kingine. Kijana asiseme kwamba mkewe ana imani dhaifu, wala asimwite mtu wa kumzingua kabla ya kumpeleka kwa daktari. Damu iliyopungua sana baada ya kuzaa humlegeza mtu mwili na moyo, na iko huzuni iliyo maradhi, nayo yatibika. Na ikiwa mwanamke wa namna hii ataanza kusema kwamba heri afe, asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wafarijio nao wana sehemu yao ya lawama. Akifa mtu mzima, mji mzima huja: tanga huwekwa, chakula hupikwa na majirani, mfiwa haguswi kwa kazi. Ikitoka mimba, hakuna tanga. Siku ya tatu mwanamke yuko jikoni. Wachache wajao husema: Utapata mwingine. Au: Bora ameondoka kabla hujamzoea. Au: Mungu amekuepusha na kilema. Wasemao haya hawana nia mbaya. Lakini mwenye kufiwa na ndugu haambiwi atapata ndugu mwingine, na mama alikuwa amekwisha kumzoea yule mtoto tangu siku ile alipocheza tumboni mara ya kwanza, jambo ambalo halikujulikana na mtu ila yeye. Afadhali kwenda na bakuli la uji, kukaa mkekani, kusema pole na dua fupi, na kunyamaza. Na mume pia apewe pole. Huyu kijana katika kurasa mbili ametuandikia habari za mkewe na mamaye, na juu ya nafsi yake ametia mstari mmoja tu, kwamba yeye ndiye aliyembeba mtoto mpaka kaburini na bado ahisi wepesi wake mikononi. Kwa mwanamume wa pwani, kuandika hivyo ni kulia.

Twaja kwenye swali la pili. Kurani imetueleza katika Sura za Hajji na Muuminuna hatua za kuumbwa kwetu: tone, kisha pande la damu, kisha pande la nyama, kisha mifupa ivikwayo nyama, kisha kiumbe kingine. Na katika Hadithi mashuhuri ya Ibnu Masudi imekuja kwamba roho hupulizwa zikitimia siku 120, yaani miezi minne. Juu ya mpaka huo wanavyuoni wamejenga hukumu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ifuatwayo na wengi katika mwambao wetu, mtoto akitoka akalia au akaonyesha dalili ya uhai, huyo ni maiti kama mtu mzima: huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na huzikwa. Akiwa ametimiza miezi minne na asionyeshe uhai, huoshwa, hukafiniwa na huzikwa, ila hasaliwi kwa kauli yenye nguvu. Na katika madhehebu ya Imamu Hambali husaliwa pia. Na ikiwa ni kabla ya hapo, wala umbo la mtu halijadhihiri, ni sunna kukifunga kilichotoka katika kitambaa na kukizika.

Wasomaji waione huruma iliyomo katika hukumu hizi. Hata kile ambacho jicho halikukitambua kuwa ni mtu, sheria imekitakia kitambaa na udongo. Kwa hivyo si vema kilichotoka hospitalini kiachwe kikatupwe pamoja na takataka. Mwenye mkewe na amwambie nesi au mkunga mapema, kwa adabu, kwamba sisi Waislamu twapenda kuzika wenyewe. Wengi hukosa kwa sababu tu hakuna aliyeomba.

Na kwa kuwa jambo hili huulizwa kwetu na wanawake kwa aibu, mara nyingi kwa kumtuma mtoto na kijikaratasi, twalieleza hapa hapa. Damu itokayo baada ya mimba kutoka ni nifasi, hata kama kilichotoka ni pande la nyama ambalo wakunga wajuzi wamesema ni asili ya mtu. Hayo ni kwa madhehebu ya Shafii, na wengine wameshurutisha umbo lidhihiri. Nifasi haina kiasi cha chini. Aghalabu huwa siku 40, na mwisho wake kwa Shafii ni siku 60. Basi damu ikikatika siku ya saba, mwanamke aoge siku ya saba na asali. Yule angojaye arobaini itimie naye amekwisha kutahirika, zile Sala zote za katikati ni deni juu yake. Na asiyeona damu kabisa, pia yampasa kuoga. Sala zilizompita katika nifasi halipi. Saumu ya Ramadhani hulipa.

Juu ya malipo ya wazazi huko Akhera, watu wengi huitaja Hadithi ya kwamba siqti humvuta mamaye kwa kitovu chake mpaka Peponi, akiwa amesubiri. Imo katika mkusanyo wa Ibnu Maja, nayo wajuzi wa Hadithi wameusemea udhaifu ushahidi wake. Sisi hatupendi kumpa mfiwa gongo lenye ufa, wakati lipo lililo zima. Katika Sahihi ya Muslimu, Abu Huraira amepokea kwamba watoto waliokufa wadogo huwa wenyeji wa Peponi waendao watakako, na mmoja wao humkuta baba yake au wazazi wake, akamshika nguo yake, asimwache mpaka Mwenyezi Mungu amwingize Peponi pamoja naye. Na mtoto aliyepuliziwa roho, akaoshwa na kukafiniwa, kwa nini tumtoe katika khabari hiyo?

Sasa la mama. Hili ndilo gumu, kwani kijana ana haki mbili shingoni mwake, na hakuna hata moja awezayo kuiweka chini.

Kwanza na aijue kweli ya jambo lenyewe. Madaktari wa zama hizi wamepima, wakaona kwamba katika kila mimba 100 zilizokwisha julikana, baina ya 10 na 20 hutoka, na nyingi katika hizo hutoka ndani ya wiki 12 za mwanzo. Sababu kubwa ya hizo changa ni kwamba zile chembe ndogo mno zibebazo maumbile, zitokazo kwa baba na kwa mama, hazikukutana kwa hesabu yake kamili. Si ndoo ya maji aliyojitwika, wala si ugomvi wa juzi. Mimba itokayo mwezi wa tano aghalabu huwa na sababu nyingine: malaria, kaswende, presha, kisukari, au mlango wa kizazi kulegea kabla ya wakati wake, na nyingi katika hizi zina dawa. Mwanamke ambaye damu yake ni ya Rhesus hasi huenda akahitaji sindano, tena ndani ya saa 72, ili mimba zijazo zisidhurike. Kwa hivyo baada ya misiba miwili kama hii, waende wote wawili kupimwa, mume na mke. Twasema wote wawili, kwani tumeona waume wampelekao mke mlangoni wakabaki nje, kana kwamba mtoto ni wa mtu mmoja.

Jicho la hasidi lipo, na Hadithi imelithibitisha. Lakini kumnyoshea kidole jirani kwa dhana tu ni dhambi iliyo wazi, na kwenda kwa mpiga ramli kutajiwa jina lake ni balaa kubwa zaidi kuliko jicho lenyewe.

Na ama kuoa mke wa pili, sheria imeruhusu kwa shuruti zake. Walakini kijana asiupeleke mguu wake huko ili kumnyamazisha mama, wala ili kuliadhibu tumbo la wa kwanza. Mke aolewaye kwa ajili ya kuzaa haraka, naye mimba yake ikitoka, ataambiwa nini?

Asimjibu mama yake mbele ya watu, ijapokuwa yeye alisema mbele ya watu. Aende kwake peke yake, ampe shikamoo yake, akae chini, amwambie: "Mama yangu, nimekuja kutaka radhi zako. Mtoto aliyetoka alikuwa mjukuu wako. Nimemzika kwa mikono yangu. Yule bibi ni mfiwa kama mimi nilivyo mfiwa, nami nakuomba uje umpe pole." Asiongeze neno la kumkosoa.

Kisha, akiweza, amwulize mama yake jambo moja: yeye alizaa wangapi, na wangapi walirudi kabla ya wakati? Wazee wetu wengi wa kike huhesabiwa watoto wanne au watano, na nyuma ya hesabu hiyo wamo wengine wasiotajwa, waliozikwa nyuma ya nyumba usiku, na kulipokucha mama akaenda shamba. Hakuna aliyewapa pole. Ulimi mkali juu ya tumbo la mkwe mara nyingi ni kidonda cha miaka 40 ambacho hakikutazamwa na mtu. Hatusemi kwamba mama huyu ndivyo alivyo. Twasema aulizwe, na aulizwe kwa upole.

Limebaki la jina. Imamu Nawawi, katika kitabu chake cha Adhkar, ameeleza kwamba ni sunna kumpa jina mtoto aliyeanguka. Na ikiwa haijulikani kama ni mume au mke, apewe jina lifaalo wote wawili, kama vile Asma, Hindi au Talha. Sisi twaongeza Nuru, kwa kuwa huku kwetu huitwa hivyo mume na mke. Lakini mtoto huyu alikuwa wa miezi mitano, na aliyemwosha ajua alikuwa nani. Basi ndugu yetu, usinyamaze tena. Leo baada ya Alfajiri kaa naye penye msala, mwambie alikuwa mume au alikuwa mke, mweleze kaburi liko upande gani na limeelekea mti gani, na jina mchague pamoja.